Lebo ya Meja

Mwezi uliopita nilikuwa Ntinda, Kampala, nimemsindikiza mpwa wangu kununua viatu, mvua ikatukimbiza tukaingia duka la kijana mmoja anayeuza vitu vya kale. Unayajua maduka ya aina hiyo, rafiki yangu: redio zisizosema, pasi za mkaa, saa zilizosimama, na bei za kukufanya ujute kwa nini ulitupa vya kwenu. Ukutani alikuwa ametundika kofia za pama. Akanishushia moja ya kijivu, akaipuliza vumbi, akaniambia kwa heshima zote kuwa ni ya enzi za Mwingereza na aliivaa chifu. Nikaigeuza. Mimi kofia siwezi kuiangalia kwa juu tu, mkono unageuza wenyewe. Nikakunjua ukanda wa ngozi wa ndani, nikaona kipande cha pamba chenye maandishi ya wino yaliyochuja. Nikaomba kiti.

Kijana akadhani ni ugonjwa wa sukari, akaniletea soda. Kofia ile haikuwa ya Mwingereza wala ya chifu. Ilikuwa ya duka la meja, na lebo yake ilishonwa na bibi yangu mzaa baba, kwenye baraza ya nyumba yetu ya Kibuli. Huenda uzi niliutunga mimi.

Sisi asili yetu ni pwani. Babu wa babu yangu alikuja Buganda na msafara wa wafanyabiashara, akaoa, akajenga, akasahau njia ya kurudi. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili, nje Kiganda, na bibi alikuwa mkali kwa Kiswahili chetu: ukikosea alikurudisha mlangoni uingie upya na sentensi iliyonyooka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpenda ubishi, na alikuwa fundi wa kofia. Si hizi za kushona vitundu tunazozijua msikitini, la. Kofia za pama, za manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa, ambazo wazee wa Kampala walizivaa na kanzu na koti siku za harusi, na makarani walizivaa kila siku ili wajulikane kuwa ni makarani.

Kofia hizo zilitoka ng'ambo ndani ya maboksi ya duara, zikauzwa mjini na tajiri mmoja wa Kihindi. Zilifika bila jina la duka. Kazi ya bibi, tangu alipofiwa na babu, ilikuwa kuzishonea lebo ya tajiri ndani, na kuzifufua zile kuukuu zilizoletwa na wenyewe: anazipiga mvuke wa birika, anazisugua kwa brashi, anazivika kalibu, vichwa vya mti visivyo na uso, mpaka zirudie umbo lake. Nyumba yetu ilinuka manyoya mabichi na chai ya tangawizi. Kalibu zilipangwa kwenye rafu chumbani nilikolala, na mimi nilizipa majina, nikazisalimia asubuhi kabla ya kuwasalimia watu, kosa ambalo bibi alinisamehe kwa sababu angalau salamu yenyewe ilikuwa sahihi.

Kwake yeye umri wa kofia haukuwa kitu cha kukisia. Lebo za kwanza kabisa zilikuwa za hariri, zimefumwa kwa uzi wa dhahabu, zina picha ya korongo na majina ya ndugu wawili, tajiri wetu na nduguye, na chini yake Kampala na Jinja. Kisha ndugu wakagombana. Bibi alisema ni kwa sababu ya mwanamke, lakini alisema hivyo kuhusu kila ugomvi. Mmoja akabaki na Jinja, mwingine na Kampala, na lebo ikabaki na jina moja, korongo akahamia pembeni. Baada ya uhuru hariri ikawa nyeusi, maandishi ya manjano, na mtaa ukaandikwa kwa jina lake jipya. Hata ngozi ilikuwa na habari zake: namba ya kichwa iliyopigwa mhuri wa dhahabu ni ya zamani, namba iliyo kwenye kikaratasi kilichofichwa nyuma ya ukanda ni ya karibuni. Nilijifunza hayo yote nikiwa bado nang'oka meno ya utoto, na shuleni hayakunisaidia lolote.

Baba alinunua samaki Ggaba na kuwauza soko la Nakasero. Alikuwa na kofia ya kijivu ya lebo nyeusi, aliyoshonewa na mama yake mwenyewe, na aliivaa hata alipobeba kikapu cha samaki wa ngege kichwani pake, yaani juu ya kofia, jambo lililomuudhi bibi kuliko madhambi mengi makubwa. Jioni akirudi, bibi aliipokea kofia kabla hajampokea mtu. Aliinusa, akaguna, akaitundika nje ikapate hewa. Baba alicheka kila siku kwa kituko hichohicho. Alikuwa mtu wa kucheka, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yake, tukaanza kupakua.

Alichukuliwa majuma yale ambayo Wahindi waliofukuzwa nchini walikuwa wakifunga mizigo yao. Wenzake walisimulia kuwa gari lilisimama kando ya ziwa, wakashuka vijana wawili wa miwani myeusi, wakamwita kwa jina. Hakuna aliyejua kosa lake. Pengine alikataa kumuuzia mtu, pengine alimuuzia mtu asiyefaa. Siku zile kosa lilitafutwa baadaye, kama lilitafutwa. Aliingia garini na kofia yake kichwani. Hilo kila aliyekuwapo alilikumbuka. Mwenzake mmoja alituletea kikapu, na bibi akawapaka samaki chumvi na bizari, akawakaanga, akawafunika kwa sahani, kwa kuwa mwanawe angerudi na njaa. Hatukuwala. Mpaka leo samaki wa kukaanga aliyepoa siwezi kumtazama.

Bibi na mama walizunguka kila ofisi yenye lango, na kila lango liliwaambia wajaribu lango jingine. Pale Nakasero palipokuwa na jumba ambalo watu walivuka barabara ili wasilipite karibu, mama alisimama asubuhi nzima ameshika sufuria ya chakula, mpaka askari mmoja akamwambia kwa upole arudi nyumbani, na asije tena, kwa faida yake. Upole ule ndio uliomtisha.

Akabaki mama, kijana bado, mzuri wa sura, si mke wala si mjane. Sheikh wa msikiti wetu alilieleza jambo lenyewe vizuri tu: mume aliyepotea si mume aliyekufa. Bila habari ya yakini hakuna eda, hakuna matanga, hakuna hitma, na mke hawezi kufunga virago akaanza maisha kwingine. Mjomba wangu, kaka yake mama, alituma salamu kutoka Mombasa kila alipopata msafiri, kwamba dada yake aje kwao. Mama alijibu kuwa hana ruhusa, kwa sababu wa kumpa ruhusa hayupo.

Yule tajiri wa kofia naye akaenda zake na sanduku moja. Kuja kumuaga bibi alikuja, akamwachia sindano zake zote. Duka likapewa meja. Meja hakujua kofia, ila stoo alikuta maboksi yamejaa, na hakutaka jina la Mhindi ndani ya mali yake. Lebo za hariri zilikuwa hazipatikani tena, basi akachapisha zake papo hapo mjini, kwenye pamba nyeupe, kwa wino wa buluu. Bibi alizishona akinung'unika na mimi nikitunga uzi. Wino ule ulichuja kwa jasho la kwanza. Sasa hesabu yake ni nyepesi, rafiki yangu, hata mtoto aliiweza: kofia yenye lebo ya meja ilitoka dukani baada ya baba kutoweka. Haiwezi kuwa vinginevyo. Maboksi yalipokwisha, meja akauza mafuta ya taa, halafu akauza rafu, halafu duka likafungwa.

Hapo ndipo alipoanza kuja sajenti. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, Mwislamu, mwenye sauti ya chini, anakaa kambini si mbali na kwetu. Mara ya kwanza alileta kofia yake mwenyewe. Mara ya pili akaleta gunia.

"Mama muzee," alisema, "hii yote nataka ikuwe safi. Iko ya munada."

Bibi hakumsahihisha. Bibi, aliyewahi kumsahihisha hata sheikh! Ndivyo nilivyojua kuwa anaogopa.

Kofia zile zilikuwa za nani, hatukuuliza. Zilikuwa na mikunjo ya vidole vya watu, nyingine na mvi zimenasa kwenye ngozi, nyingine na majani makavu. Sajenti alizipeleka sokoni zikiwa safi, na bibi akapata sabuni au chumvi, vitu ambavyo madukani vilikuwa vimebaki majina. Kila gunia likija, bibi alilimwaga barazani, akakaa kitako, akazigeuza moja moja na kunisomesha. Hii ya ndugu wawili, mwenyewe mzee sana. Hii ya baada ya ugomvi. Hii ya uhuru, mwenyewe alikuwa kijana wakati ule. Hii ya meja. Kwa kila kofia alisema polepole, "Mungu amrehemu, au amrudishe," yote mawili, asimkosee mwenyewe. Nilidhani ananifundisha kazi. Nilichelewa kuelewa kuwa alikuwa anamtafuta mwanawe, na kwamba kila lebo nyeusi ilimkata pumzi mpaka alipoangalia mshono na kuona si ile.

Nililala na vichwa vile sasa vimevaa kofia za watu. Nikaacha kuvisalimia. Nilimwomba mama nihamie kitandani kwake, akanikubalia bila kuniuliza sababu, na sote wawili tulilala tumetazama mlango.

Siku moja sajenti alipochukua mzigo wake hakuondoka. Alimtazama mama akipita uani na ndoo. Akauliza, "Ile mama ya mutoto, bwana yake bado alirudi?" Bibi akajibu kuwa yuko safarini. "Safari murefu," akasema sajenti, na akatabasamu vizuri tu, bila ubaya, akasema atakuja tena Ijumaa baada ya swala wazungumze. Akaja Ijumaa hiyo na nyama. Ijumaa ya pili akaja na kitambaa cha gauni, cha mama.

Bibi alijua maana yake. Ukimwambia mwanajeshi kuwa mume atarudi, anacheka. Ukimwambia hatarudi, umemfungulia mlango. Na kumkatalia, nani angemkatalia? Lakini sajenti alikuwa mtu wa kuswali, na mtu wa kuswali hamposi mwanamke aliye ndani ya eda. Eda ingempa mama miezi ya kukaa ndani bila kuonwa, na ikiisha, kaka yake angekuwa na haki ya kuja kumchukua. Ila eda yenyewe ilitaka maiti, au habari, au kitu.

Alasiri moja ya juma lile bibi alimwaga gunia kama kawaida. Mimi nilikuwa karibu na birika. Alizigeuza kofia kadhaa bila somo, kisha akashika moja ya kijivu, akaikunjua ngozi, akaitazama muda mrefu. Akamwita mama.

"Hii ni ya mwanangu," akasema. "Lebo hii nimeishona kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Niliona pamba nyeupe. Niliona wino wa buluu umesambaa. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka, nataka kusema, bibi, hii ni ya meja. Akageuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena maishani mwangu, si kwa hasira wala si kwa kusihi.

"Kaongeze maji kwenye birika," akaniambia.

Birika lilikuwa limejaa. Nikaenda nikaongeza maji mpaka yakamwagikia moto. Niliporudi mama alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Aliingia nayo chumbani akafunga mlango.

Sheikh alikuja, akaitazama kofia, akasema fundi akishuhudia kazi ya mkono wake, hilo linatosha. Mama akavaa nyeupe, akakaa ndani. Sajenti alipofika Ijumaa bibi alimpokea mlangoni, akamwambia kuwa habari imefika, mwanawe amefariki, na mkwewe yuko eda. Sajenti hakuuliza habari imefikaje. Alivua bereti yake, akasema inna lillahi, akasimama ametazama viatu vyake. Kesho yake akaleta sukari, kilo nyingi, na tukaipikia chai ya matanga. Waliokuja kutuhani walishangaa utamu wa chai ile, maana Kampala nzima watu walikuwa wakinywa chai bila sukari. Walikunywa, wakaomba kuongezewa, wakatusomea hitma kwa jina la baba. Sajenti hakukanyaga tena ndani. Alikuwa akiacha vitu barazani na kuondoka, na mpaka leo sijui nimchukie kiasi gani.

Eda ilipoisha mjomba alikuja, akatuchukua mimi na mama kwa gari la moshi. Bibi alikataa kata kata kuondoka. Alisema ana kofia za watu hajazimaliza. Nililia mpaka Jinja, na mama alinipigapiga mgongoni. Kofia ile alikuwa amemrudishia bibi, naye akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Bibi alifariki kabla serikali ile haijaanguka, tukapata habari yake kwa msafiri, wiki nyingi baada ya mazishi. Tuliporudi Kibuli vita vilipokwisha, mlikuwa na watu wengine ndani ya nyumba, watu wema, walitukaribisha chai. Kalibu zilikuwa zimegeuzwa kuni za kupikia maharage. Msumari ulikuwepo, kofia haikuwepo. Pale lilipokuwa duka sasa wanauza simu, na kwenye mitaa ile unaweza kutembea kutwa usione mtu mmoja aliyevaa pama. Wazee waliozivaa walikwenda, wengine kwa Mungu kwa njia ya kawaida, wengine kwa ile njia nyingine.

Kwa miaka mingi nilijua jambo moja ambalo mama halijui, au nilidhani hivyo. Mombasa walikuja wanaume kumposa, watu wazima wenye adabu zao, mmoja hata mjomba alimpigia debe mwaka mzima. Mama aliwakataa wote. Nilihisi uchungu kila mara, nikiwaza kuwa bibi alisema uongo mkubwa ili mwanamke huyu awe huru, na uhuru wenyewe hautumii. Siku moja, yeye ameshazeeka, tumekaa tunachambua mchele, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia habari ya lebo.

Hakuacha kuchambua. Aliniambia kuwa alijua tangu alipoishika. Kofia ile ilinuka tumbaku, na baba hakuvuta. Ilikuwa imelowa jasho la mtu mwingine kabisa. Alifunga mlango wa chumbani kwa sababu hakutaka bibi aone uso wake, maana alidhani mkwewe mzee amechoka kungoja, anataka kumzika mwanawe apumzike, na yeye atamnyima vipi? Akakaa eda kwa ajili ya bibi. Hitma iliposomwa, moyoni alimwombea mwenye kofia, ambaye kwao pengine walikuwa bado wanampakulia chakula. Mumewe hakumwombea.

Nikamweleza habari ya sajenti na kitambaa cha gauni. Nikamwambia kuwa bibi hakuchoka kungoja hata siku moja, ndiyo maana hakuondoka Kibuli. Alitaka mama atoke, aolewe, aishi.

Mchele ukamponyoka mikononi. Machozi yakamtoka kwa ajili ya bibi, ndiyo kwanza namwona akimlilia.

"Masikini mama yangu," akasema. "Angeniuliza ningemwambia. Mimi ni mke wa mtu."

Tulimzika mama mwaka jana. Asubuhi ile, kabla hajafunikwa uso, mwoshaji alitoka mlangoni akauliza kama marehemu ana mume aje amuage. Watoto wa mjomba wakamjibu kwamba hana, ni mjane wa siku nyingi. Mimi nikasema anaye, ila bado hajafika.